Kudondosha mafaili juu ya programu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wa steshenari na studio za picha hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Makorora, wanaotumia skripti ndogo (programu fupi za amri) za kupunguza picha, kuunganisha PDF na kutoa sauti kwenye video. Mengine ni ya vijana wanaoanza kuziandika wenyewe. Sehemu kubwa inahusu Windows kwa sababu ndiyo iliyo kwenye mashine nyingi za madukani. Linux na Mac zina sehemu yao huko chini.

## Mambo ya msingi

1. Kudondosha faili juu ya programu ni kufanya nini hasa?

Unalishika faili kwa kipanya, unaliburuta hadi juu ya ikoni ya programu ambayo haijafunguliwa, unaliachia. Windows huianzisha programu hiyo na kuandika njia kamili ya faili lako baada ya jina la programu, kana kwamba umekaa ukaichapa amri hii mwenyewe:

```
"C:\Kazi\punguza.exe" "D:\Picha\harusi Makorora.jpg"
```

Vipande vinavyofuata jina la programu huitwa hoja. Ukidondosha mafaili matatu kwa mpigo, programu inaanzishwa mara moja tu na hoja zinakuwa tatu.

Jambo ambalo wengi hulipita, na ambalo maswali mengi ya ukurasa huu yanarudi kwake: programu haipewi picha, inapewa anwani ya picha. Ni kama bodaboda uliyemwambia "Ngamiani, barabara ya 12". Ameshajua pa kwenda, lakini bado hajafika, na akifika huenda akakuta mlango umefungwa. Faili likiwa limehamishwa, fleshi ikiwa imechomolewa, au anwani ikiwa imekatika njiani, programu itabaki na jina tupu mkononi.

2. Kuna faida gani kuliko kufungua programu kisha kutafuta faili ndani yake?

Kasi. Mteja amekuja na picha 30 za kitchen party na anataka ziingie kwenye WhatsApp bila kuganda. Unazichagua zote, unazidondosha, unaendelea kumtolea kopi mwingine. Kwa anayeandika skripti, faida ni kwamba hahitaji kutengeneza madirisha wala vitufe. Kuchagua mafaili anaiachia Windows.

3. Je, ni sawa na kudondosha faili ndani ya dirisha la programu iliyokwisha kufunguka?

Hapana, ingawa mkono unafanya kitu kilekile. Programu ikiwa tayari imefunguka, hoja zake zilishasomwa wakati wa kuanza na haziongezeki tena. Windows hutumia njia nyingine: hulipelekea dirisha ujumbe, kwa mfano `WM_DROPFILES`, na programu inatakiwa iwe imejiandaa kuupokea. Isipojiandaa utaona alama ya kukataza. Ndiyo sababu skripti inaweza kupokea mafaili vizuri kwenye ikoni yake huku dirisha lake likiyakataa. Tkinter, sehemu ya lugha ya Python ya kutengenezea madirisha, kwa mfano, haina uwezo huo yenyewe. Huongezewa kwa maktaba kama tkinterdnd2.

Ukurasa huu unahusu ikoni tu.

4. Nataka kuandika yangu. Nianzie wapi?

Python ndiyo rahisi kwa anayeanza. Hoja zote ziko kwenye orodha `sys.argv`. Ya kwanza kabisa, yenye namba 0, ni jina la skripti yenyewe, kwa hiyo mafaili yanaanzia namba 1.

```
import sys
from pathlib import Path

if len(sys.argv) < 2:
    print("Hujadondosha kitu.")

for hoja in sys.argv[1:]:
    njia = Path(hoja)
    print(njia.name, njia.stat().st_size)

input("Bonyeza Enter kufunga...")
```

Hiyo inataja kila faili na ukubwa wake kwa baiti. Ikifanya kazi, badilisha mstari wa kuchapisha uweke kazi yako halisi. Usiruke lile sharti la juu: kuna siku mtu ataibofya mara mbili bila kudondosha chochote, na ujumbe mmoja unaoeleweka utakupunguzia simu za "fundi, imekufa".

Kwenye lugha ya C ni `argc` na `argv`, hesabu ni ileile. Soma pia swali la 11 kabla hujawapa watu programu yako ya C.

## Skripti za .bat (mafaili ya amri za Windows)

5. Tofauti ya `%1`, `%~1` na `%*` ni ipi?

`%1` ni hoja ya kwanza jinsi ilivyoletwa, pamoja na alama za nukuu kama zilikuwepo. `%~1` ni hoja hiyohiyo ikiwa imevuliwa alama za nukuu. `%*` ni hoja zote kwa pamoja. Mazoea mazuri ni kuandika `"%~1"` kila mahali: unazivua alama za nukuu ambazo huna hakika nazo, kisha unaweka zako.

Kuna vifupisho vingine vya kufaa sana. `%~n1` hutoa jina bila kiambishi cha aina ya faili, `%~x1` hutoa kiambishi peke yake, na `%~dpn1` hutoa kila kitu isipokuwa kiambishi. Skripti ya kupunguza picha kwa kutumia ImageMagick (programu ya kuhariri picha kwa amri) inaweza kuwa hivi:

```
@echo off
:tena
if "%~1"=="" goto mwisho
magick "%~1" -resize "1200x1200>" "%~dpn1-ndogo.jpg"
shift /1
goto tena
:mwisho
pause
```

Alama ya `>` hapo iko ndani ya nukuu kwa makusudi. Inaiambia ImageMagick ipunguze picha kubwa tu na iziache ndogo zilivyo. Ikitoka nje ya nukuu, Windows itadhani unataka matokeo yaandikwe kwenye faili.

Neno `shift` husogeza hoja: ya pili inakuwa ya kwanza, ya tatu inakuwa ya pili. Sababu ya kuandika `/1` iko kwenye swali la 7.

6. "Fundi, dirisha jeusi linawaka na kuzima, sioni kilichoandikwa."

Skripti imemaliza kazi, au imekosea, na hakuna kilichoiambia isubiri. Weka `pause` mwishoni mwa .bat, au `input()` mwishoni mwa Python kama kwenye swali la 4. Lakini Python ikikutana na kosa katikati haitafika kwenye mstari huo wa mwisho, kwa hiyo dirisha litazima palepale unapolihitaji zaidi. Wakati wa kutafuta kosa, fungua dirisha jeusi (Command Prompt) wewe mwenyewe, andika `py`, acha nafasi, buruta skripti ndani yake, acha nafasi tena, buruta faili, kisha bonyeza Enter. Dirisha ulilolifungua mwenyewe halizimi.

Exiftool, programu maarufu ya kusoma taarifa zilizofichwa ndani ya picha, ina ujanja wake: toleo la Windows huja likiitwa `exiftool(-k).exe`. Hiyo `-k` ndani ya mabano ya jina ni amri ya kuzuia dirisha lisizime, na unaweza kuongeza amri nyingine humo kwa kubadilisha jina la faili tu. Sijaona programu nyingine yenye busara ya namna hiyo.

7. Nembo ya duka iko pembeni ya skripti kabisa, mbona inasema haioni?

Kwa sababu skripti haisimami pale unapodhani. Ukibofya .bat mara mbili, kwa kawaida inafanyia kazi ndani ya folda yake. Ukiidondoshea faili, huenda imesimama kwenye folda nyingine kabisa, pengine hata `C:\Windows\System32`. Ukiandika `nembo.png` bila njia, inaitafuta hukohuko iliposimama.

Dawa ni kuitaja folda ya skripti waziwazi. Kwenye .bat ni `"%~dp0nembo.png"`; `%~dp0` tayari inaishia na mkwaju (`\`), usiongeze mwingine. Kwenye Python ni `Path(__file__).parent / "nembo.png"`.

Hapa ndipo `shift` inapowaponza wengi. Ukiiandika peke yake inasogeza hadi `%0` (jina la skripti yenyewe), yaani baada ya mzunguko wa kwanza `%~dp0` haionyeshi tena folda ya skripti bali folda ya faili ulilodondosha. Picha ya kwanza inapata nembo, ya pili haipati. `shift /1` huiacha `%0` mahali pake.

Mtego mdogo wa mwisho: ukitaka kuipelekea programu nyingine folda hiyo, usiandike `"%~dp0"`. Ule mkwaju wa mwisho ukikutana na alama ya nukuu, programu nyingi husoma nukuu kama herufi ya kawaida na njia inaharibika. Andika `"%~dp0."`, na nukta hiyo itazuia.

## Majina yanayoleta matata

8. Je, jina likiwa na nafasi kuna tatizo?

Windows huizungushia njia yenye nafasi alama za nukuu kabla ya kuipeleka, kwa hiyo upande wake uko salama. Tatizo huwa kwenye skripti iliyozivua nukuu hizo bila kuzirudisha. Fuata swali la 5.

9. Faili la "Baba&Mama.jpg" linagoma, lakini "Baba & Mama.jpg" linakubali. Kwa nini?

Hili ni kosa la kuudhi kuliko yote, na si lako. Windows huweka nukuu pale tu jina linapokuwa na nafasi. "Baba & Mama.jpg" lina nafasi, limepata nukuu, limepona. "Baba&Mama.jpg" halina, limepelekwa wazi, na kwenye mafaili ya .bat alama ya `&` maana yake ni "hapa amri imeisha, anza nyingine". Skripti yako inapokea `D:\Picha\Baba`, kisha Windows inajaribu kuendesha kitu kinachoitwa `Mama.jpg` kana kwamba ni programu.

Koma, nukta mkato na alama ya `=` nazo zina kasoro ya kufanana na hiyo: jina lisilo na nafasi hukatwa vipande hapo, kila kipande kikahesabiwa kuwa hoja yake. "Pangani,Muheza.pdf" inafika kama mafaili mawili yasiyokuwepo.

Ndani ya .bat hakuna tiba nyepesi. Wapo wanaouchimbua mstari mzima wa amri kutoka kwenye `cmdcmdline`, na inawezekana, ila skripti inakuwa ngumu kusomeka hata kwa aliyeiandika. Mimi naona ni heri kuihama .bat. Andika kazi kwa Python, kisha tengeneza njia ya mkato (shortcut) ambayo kisanduku chake cha "Target" kina maneno haya:

```
C:\Windows\py.exe "C:\Kazi\punguza.py"
```

Hakikisha `py.exe` iko hapo kwako. Mahali pake hutegemea ulivyoisakinisha Python. Dondosha mafaili juu ya njia hiyo ya mkato. Windows itaongeza njia za mafaili mwishoni, na kwa kuwa cmd (programu ya Windows inayoendesha .bat) haipo katikati, `&` inakuwa herufi kama nyingine. Ukiiita Python kupitia .bat ya katikati kwa `%*`, umelirudisha tatizo lilelile mlangoni.

Angalia pia upande wa usalama. Kama jina la faili linaweza kugeuka amri, basi faili lililotumwa na mtu usiyemjua linaweza kuwa na jina lililotungwa kwa makusudi hayo. Kwa mashine ya duka inayopokea fleshi za kila anayepita, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

10. Na majina kama "ng'ombe.jpg"?

Ritifaa hiyo iliyonyooka (') haina shida kwenye hoja za .bat wala Python. Inaleta shida sehemu mbili: PowerShell (lugha nyingine ya amri za Windows) ikiitwa kwa `-Command` badala ya `-File`, na ukilichapa jina kwa mkono kwenye dirisha la amri la Linux bila nukuu, ambapo litakaa kimya likisubiri ritifaa ya kufungia.

Kuna mdudu mwingine aliyejificha. Simu na Word mara nyingi hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda (’). Kwa macho ni ng'ombe yuleyule, kwa kompyuta ni herufi tofauti, kwa hiyo skripti inayotafuta jina kwa kulilinganisha haitalipata. PowerShell yenyewe huichukulia ile iliyopinda kuwa ni alama ya nukuu halali. Kama duka lako linatunza picha za wafugaji wa Handeni kwa majina ya namna hiyo, amua ritifaa moja na uishike.

11. Mafaili ya kaswida yana majina ya Kiarabu. Programu inasema hakuna faili, na jina limekuwa "????".

Programu hiyo imeandikwa kwa njia ya zamani. Kwenye Windows, `main` ya kawaida ya C kwa mazoea hupokea majina yakiwa yamebanwa kwenye jedwali dogo la herufi la mashine, na herufi isiyomo humo inageuka alama ya kuuliza. Jina likishabadilika hivyo halirudi. Mwandishi atumie `wmain`, au asome `GetCommandLineW` na kuikata kwa `CommandLineToArgvW`.

Python 3 hupokea majina hayo kamili. Kama yanaonekana vibaya kwenye dirisha jeusi lakini kazi inafanyika, tatizo ni maonyesho tu: amri `chcp 65001` huenda ikasaidia, ingawa fonti ya dirisha isiyokuwa na herufi za Kiarabu bado itakuchorea visanduku.

12. Jina lenye alama ya mshangao linapoteza alama hiyo.

Skripti ya .bat ina `enabledelayedexpansion`. Ikiwashwa, `!` inakuwa na maana maalumu na "Karibu Tanga!.jpg" inafika bila mshangao wake. Izime wakati wa kusoma hoja, iwashe baadaye ndani ya mzunguko.

## Mafaili mengi na folda

13. Nimedondosha picha 400 kwa pamoja, imekataa kabisa. Jana 20 zilipita.

Umevuka urefu wa mstari wa amri. Kumbuka swali la 1: zinazopelekwa ni anwani, na anwani zote lazima zienee kwenye mstari mmoja. Kwa .bat, ambayo hupitia cmd, ukomo ni herufi 8,191. Kwa .exe inayoanzishwa moja kwa moja, ukomo wa Windows ni herufi 32,767. Kwa vitendo unaweza kukwama hata kabla ya hapo, kulingana na jinsi Windows ilivyoianzisha programu.

Piga hesabu. Njia ya wastani ikiwa na herufi 60, ongeza nukuu mbili na nafasi moja, unapata 63. Kwenye .bat zitaingia picha 130 tu, na kwenye .exe zitaingia kama 520. Ndiyo maana mtu mwenye picha zake kwenye `D:\P` anapitisha nyingi, na mwenye folda ndani ya folda ndani ya folda anakwama mapema, hata kwa skripti ileile.

Kufupisha njia kunasaidia kidogo. Suluhisho lenyewe ni kudondosha folda moja badala ya picha 400, na skripti iingie ndani yake (swali la 14).

14. Nikidondosha folda inakuwaje?

Hoja inakuwa moja: njia ya folda. Windows haikufungulii yaliyomo. Skripti iliyotegemea picha itajaribu kuifungua folda kana kwamba ni picha na kulalamika. Kwenye Python unauliza kwanza:

```
if njia.is_dir():
    orodha = sorted(p for p in njia.rglob("*") if p.is_file())
else:
    orodha = [njia]
```

`rglob` huzama hadi folda za ndani kabisa. Kama hutaki hivyo, tumia `glob`. Chuja pia kwa aina ya faili, kwani folda za Windows hubeba vitu usivyoviona kama `desktop.ini` na `Thumbs.db`, na mara nyingi kuna Word moja imejisahau katikati ya picha. Faili lisilohusika liruke na ulitaje jina lake. Usiiache kazi nzima isimame kwa ajili yake.

15. Naunganisha PDF, kurasa zinatoka ovyo. Nyuma ya kitambulisho imekuja kabla ya mbele.

Mpangilio wa hoja usiuamini. Explorer (dirisha la folda la Windows) mara nyingi huliweka mbele lile faili ulilolishika kwa kipanya, kisha mengine yanafuata. Ukichagua kumi na kuyaburuta kwa kulishika la saba, la saba linatangulia. Ujanja wa haraka kaunta ni kulishika la kwanza kila mara, lakini skripti nzuri hujipangia yenyewe.

Ikijipanga kwa alfabeti utakutana na jambo la pili: "ukurasa 10" unakuja kabla ya "ukurasa 2", kwa sababu herufi 1 inatangulia 2. Ama uwafundishe watu kuandika 01, 02, 03, ama skripti isome namba iliyo ndani ya jina na kupanga kwa namba hiyo.

16. Matokeo yahifadhiwe wapi?

Pembeni ya faili la asili, kwa jina lililoongezwa kitu, kama `-ndogo` kwenye swali la 5. Usiandike juu ya faili la asili hata kama mteja anasema hataihitaji, ataihitaji. Na kama folda iko kwenye CD, au kwenye kadi iliyofungwa isiandikwe, skripti iseme hivyo waziwazi.

Kuna mzunguko wa kuchekesha unaotokea hapa. Mtu akiidondosha folda ileile mara ya pili, skripti inazikuta `-ndogo` za mara ya kwanza na kutengeneza `-ndogo-ndogo`. Iambie iruke zenye jina hilo.

## Inapogoma bila maelezo

17. Inaleta alama ya kukataza hata kabla sijaachia.

Mara nyingi ni aina ya skripti. Mafaili ya .exe, .bat na .vbs hupokea. Ya .ps1 hayapokei kwa hali ya kawaida. Tengeneza njia ya mkato yenye `powershell.exe -File "C:\Kazi\punguza.ps1"` na udondoshe juu ya hiyo. Ya .py hupokea ikiwa Python iliyosakinishwa imejiandikisha kwa kazi hiyo. Isipokubali, njia ya mkato ya swali la 9 inamaliza.

18. Naburuta picha moja kwa moja kutoka kwenye simu, au kutoka ndani ya zip. Haiendi.

Simu iliyounganishwa kwa waya huonekana kwenye Explorer kama folda, lakini haina njia halisi kama `D:\Picha`. Hakuna anwani ya kuandika kwenye mstari wa amri. Nakili picha kwenye kompyuta kwanza. Zip nayo itoe nje kwanza.

19. Inahitaji "Run as administrator". Tangu niiwashe hivyo, haioni diski ya Z.

Herufi za diski za mtandao, zile za kompyuta nyingine ya dukani, ni za mtumiaji wa kawaida, na programu iliyopandishwa cheo kwa kawaida haizioni. Anwani imefika sawasawa ila kwake haina maana. Nakili faili kwenye C, au bora zaidi uulize kwa nini skripti ya kupunguza picha inahitaji cheo hicho. Karibu kila mara haihitaji.

Dirisha la programu iliyofunguliwa kwa cheo hicho nalo hukataa mafaili yanayoburutwa kutoka Explorer ya kawaida. Hicho ni kizuizi cha makusudi cha Windows, tangu Vista.

20. Kwenye Windows 11 siwezi kuburuta hadi kwenye upau wa chini.

Windows 11 ilipotoka 2021 iliuondoa uwezo huo. Ulirudi na toleo la 22H2 mwaka 2022. Sasisha. Kwa kazi za kila siku, hata hivyo, weka ikoni kwenye eneokazi.

## Linux na Mac

21. Kwenye Linux inafanyikaje?

Inategemea kidhibiti mafaili, yaani programu ya kufungulia folda. Thunar na Dolphin hukuruhusu kudondosha juu ya programu. Faili la .desktop (ndilo ikoni ya programu) linahitaji mstari wa `Exec` wenye `%F` mwishoni, kwa mfano `Exec=/opt/kazi/punguza %F`. `%F` hupokea mafaili mengi, `%f` hupokea moja, na ukisahau vyote viwili programu itafunguka bila kupewa chochote.

Ndani ya skripti ya Bash andika `for f in "$@"; do`, na nukuu hizo ziwepo. `$*` au `$@` bila nukuu itayakata majina yenye nafasi.

22. Na Mac?

Programu kamili za Mac hazipewi mafaili kupitia hoja. Mfumo huzitumia ujumbe wa "fungua nyaraka hizi", kwa hiyo programu iliyozoea `argv` tu haitaona kitu. Njia fupi ni Automator, programu inayokuja na Mac: tengeneza "Application", weka kitendo cha "Run Shell Script", kisha chagua ipokee mafaili "as arguments". Baada ya hapo ni `"$@"` kama Linux.

## Bila kudondosha

23. Kipanya changu kibovu, mafaili yanaangukia njiani. Kuna njia nyingine?

Ipo, na wengine huipenda zaidi. Bonyeza Windows na R, andika `shell:sendto`, weka humo njia ya mkato ya skripti yako. Kuanzia hapo unachagua mafaili, unabofya kulia, "Send to", jina la skripti. Kwenye Windows 11 bofya kwanza "Show more options". Hoja zinafika vilevile kama ulivyodondosha, pamoja na mipaka ya swali la 13.

24. Nimeiongeza kwenye menyu ya kubofya kulia kupitia rejista ya Windows (registry). Mbona inafungua madirisha kumi kwa picha kumi?

Kwa sababu amri ya rejista yenye `"%1"` huitwa upya kwa kila faili. Hiyo ni tofauti na kudondosha, ambako programu inaanzishwa mara moja. Faida yake ni kwamba nukuu unaziweka mwenyewe. Hasara yake, mbali na madirisha, ni kwamba ukichagua mafaili zaidi ya 15 Windows kwa hali ya kawaida huificha amri hiyo kwenye menyu, na mtu wa kaunta anapiga simu kusema skripti imefutika. Kwa kazi za mafaili mengi tumia "Send to".